Aliyemsemea Muuaji

Mfasiri hakujua Kiingereza. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Ifakara waliokulia kwenye banda lake la video hawalijui mpaka leo, na wachache waliolijua walinyamaza kwa kuwa utamu ulikuwa mwingi. Hakujua Kichina, wala Kihindi, wala Kikorea. Alikuwa na Kiswahili, Kindamba cha kwao, Kipogoro cha mkewe, na maiki. Filamu mpya ikiletwa aliitazama mara moja peke yake, anatafuna karanga, sauti kaizima. Kesho yake saa kumi jioni alisimama pembeni ya televisheni ya chogo akatuambia kila mtu kwenye filamu ile anasema nini, ana uchungu gani, na mama yake alikufaje.

Hata mbele ya watu sauti ya filamu ilibaki imezimwa. Alisema inamchanganya. Kwa hiyo milio yote ilikuwa yake: bunduki, mbwa, mvua, mlango wa gereza. Kwa mwendo wa farasi alijipiga mapajani. Mfupa ukivunjika alikuwa na kipande cha muwa mkononi, anakikata mbele ya maiki, na watu waliokuwa kwenye mabenchi ya mbele walikunja uso kana kwamba wameumia wao.

Mimi nilikuwa nauza chai na chapati mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa blanketi kuukuu lililopigiliwa misumari, la kuzuia mwanga na kuzuia wasiolipa. Nikiwa pale nilisikia kila kitu na sikuona chochote. Waliokuwa ndani walitazama filamu. Mimi miaka yote ile nilimsikiliza yeye. Ndiyo maana nasema namjua kuliko wanaomsifu.

Nimejaribu kumwandika kwa upole, maana amezeeka na watu wanampenda. Nimeshindwa. Nina hasira naye, hasira ya zamani ambayo haijapoa hata kidogo, na nitamwandika nikiwa nayo. Anayetaka sifa tupu akaulize sokoni, atazipata bure.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, taulo shingoni wakati wote, hata msimu wa baridi. Hakunywa maji ya baridi. Kabla ya onyesho hakuongea na mtu, kulinda koo. Alikuja kwenye meza yangu akaonyesha kwa vidole: chai, tangawizi nyingi, chapati moja. Mkewe akija na shida ya nyumbani saa hizo alijibiwa kwa kichwa tu. Mama yule aliwahi kuniambia kwamba ameolewa na sauti ambayo huwa haipo nyumbani, na hakuwa anatania.

Lakini onyesho likiisha, basi. Alikaa kwenye benchi langu akaongea mpaka chai ikaganda utando juu. Alipenda kueleza kazi yake, na aliieleza vizuri, hilo simnyimi. Alisema filamu zote duniani zina sheria, na asiyezijua atapoteza hela yake kwa kushangaa. Steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Anayetoa mfukoni picha ya mchumba wake hafiki nusu ya filamu. Mlevi ndiye anayemwona adui wa kwanza, na hakuna anayemwamini. Adui hafi mara ya kwanza. Akianguka usishangilie, subiri ainuke, ndipo afe vizuri.

Kuna siku ililetwa filamu ambayo steringi alikufa kweli. Alipigwa risasi, akaoshwa, akawekwa kwenye jeneza, akafukiwa, mvua ikanyesha juu ya kaburi na filamu ikaisha. Ndani ya banda watu wakaanza kunung'unika. Nikasikia Mfasiri anakohoa, kisha anasema kwa utulivu kabisa, "Hapo wanamzika pacha wake. Mwenyewe yupo Mlimba, anasubiri treni." Banda zima lilipiga makofi. Watu walitoka wanacheka, wakanunua chapati zangu zote. Mimi pia nilicheka. Nilimwona ni mtu wa ajabu, anayeweza kumfufua marehemu ili watu wakalale vizuri.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: steringi ni wa kwetu. Hakujali ngozi yake wala nchi yake. Akishakuwa steringi, Mfasiri alimpa shamba la mpunga, akampa shangazi anayeishi Lumemo, akampa maneno mawili matatu ya Kindamba, na watu wakamchukua kama ndugu. Adui alitoka mbali. Kila mwaka ulikuwa na mbali yake. Mwanzo adui aliongea kama mtu wa Dar, anayesema haraka na kudharau. Baadaye aliongea kama bwana mkubwa wa ofisini. Na miaka ile ugomvi wa mashamba na malisho ulipopamba moto bondeni, ng'ombe wanaingia kwenye mpunga, watu wanashikiana mapanga, adui akaanza kuongea kama baba yangu.

Sisi tulikuja na ng'ombe. Baba alitoka nao kanda ya ziwa mimi nikiwa mgongoni, na mama mpaka anakufa alisema Kiswahili chenye Kisukuma ndani. Mimi nimekulia Ifakara. Nilijua Kindamba cha sokoni, nilicheza na watoto wa wakulima, na kwa sauti yangu huwezi kujua. Kaka yangu ndiye aliyebaki na lafudhi ya nyumbani, nzito, ya kuburuza, na hakuionea haya.

Kaka alikuwa analima kwa plau. Mvua za kwanza zikidondoka, wakulima wale wale waliokuwa wanawalalamikia wafugaji walimfuata nyumbani alfajiri kumwomba maksai wake. Alikuwa mpole mpaka inaudhi. Ng'ombe wake akikanyaga shamba la mtu, alikuwa wa kwanza kuinua mkono na kusema, "Tusemezane kwanza." Ndilo lilikuwa neno lake. Akidaiwa, tusemezane kwanza. Mkewe akinuna, tusemezane kwanza. Tulimtania nalo nyumbani, na watoto wake walimwigiza.

Na alipenda filamu. Benchi la mbele, upande wa kushoto, ndilo lilikuwa lake. Mfasiri alimpenda. Wakikutana kwenye meza yangu, Mfasiri alimtega aongee, akiuliza bei ya ndama au habari za malisho, huku amefumba macho na midomo inacheza kidogo. Nilidhani anamsikiliza. Alikuwa anachukua vipimo, kama fundi cherehani.

Ilipoletwa ile filamu ya muuaji wa mtoni, adui alikuwa na sauti ya kaka. Ilikuwa filamu ya kutisha kweli. Mtu mmoja kajifunga kitambaa usoni, macho tu ndiyo yanaonekana, ana ndoano ya chuma ya kuvutia magogo, na anawaua wageni wanaolala kwenye nyumba ya kando ya mto. Mwishoni msichana anamchoma moto. Kaka alitoka akiwa amefurahi. Alisema, "Umesikia? Nimeongea kwenye spika." Mama hakufurahi. Alisema kwa Kisukuma kwamba mtu akivalisha mdoli nguo zako halafu akauchoma, usimshukuru kwa kukuonyesha nguo. Sisi tukamwona mzee tu anayeogopa televisheni.

Lazima niseme na hili, ingawa linanikera. Mwaka ambao mto Lumemo ulifurika usiku kucha ukaingia mitaani kwetu, aliyekuja kumbeba mama mgongoni alikuwa Mfasiri. Maji yalimfika kiunoni. Alifungua banda, akasukuma mabenchi ukutani, akatulaza humo pamoja na familia nyingine za wafugaji ambazo baadhi ya majirani hawakutaka kuzipokea. Tulikaa siku nyingi. Mkewe alitupikia. Watoto walipolia yeye aliwasha maiki bila filamu, akawasimulia habari za sungura mwenye gari. Na mtu huyo huyo, aliyejua kuua watu kwa muwa, hakuweza kuchinja kuku. Sikukuu zote alimwita jirani, kisha akaenda kusimama nyuma ya choo mpaka kuku anyamaze. Nimekaa na mambo haya mawili kwa miaka, na hayajakubali kukaa pamoja kichwani mwangu.

Kisha ikaja pati tuu, sehemu ya pili ya ile filamu ya muuaji wa mtoni. Alikwenda kuichukua mwenyewe Mlimba, kwa mfanyabiashara aliyeshuka nayo kwenye treni, na alirudi akiwa na mawazo. Akaja kwenye meza yangu na, ajabu, akaongea kabla ya onyesho.

"Dada, nina tatizo. Yule wa ndoano amerudi."

"Si mlimchoma moto?"

"Amerudi na makovu yake. Lakini hilo si tatizo, pati tuu ndivyo ilivyo, lazima mtu arudi na damu iongezeke. Tatizo ni kwamba safari hii yeye ndiye steringi. Kamera haimwachi. Akila ipo, akilala ipo. Wale wengine wanaingia na kufa tu."

"Basi waambie watu hivyo. Ni muuaji, amerudi kuua."

Alinitazama kama nimemwambia apike chai kwa maji ya mtaro. "Watu hawawezi kukaa saa mbili na mtu wasiyempenda. Steringi lazima awe na haki. Asipokuwa na haki watang'oa mabenchi."

"Asipokuwa nayo, hana. Utamtolea wapi?"

Alikunywa chai mpaka mwisho, akageuza kikombe. "Itabidi awe wa kwetu," alisema.

Sikumwelewa. Niliendelea kusukuma chapati. Niliyaelewa maneno yale kesho yake, nikiwa nimekaa nje ya blanketi, na chapati ikaungua mbele yangu.

Muuaji alikuwa amebadilishwa sauti. Sasa aliongea kama mzee wa Kindamba, taratibu, kwa heshima. Alikuwa mkulima. Mpunga wake ulikuwa umeliwa na ng'ombe, akaenda ofisini hakusikilizwa, mtoto wake akafa kwa njaa, na wale waliomchoma moto walikuwa ndio wenye ng'ombe. Mfasiri aliyasema haya kwa uchungu ambao sijawahi kuusikia kwake, na ndani watu wakawa wanaitikia kama wapo msibani. Kisha akaingia mtu wa kwanza wa kuuawa, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kaka yangu.

"Tusemezane kwanza."

"Maneno yamekwisha," akajibu muuaji. Muwa ukakatika mbele ya maiki. Banda likalipuka kwa vicheko na makofi.

Wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile. Wanaume, wanawake, wote waliouawa kwenye filamu ile waliburuza maneno kama kaka, waliinua mkono wakaomba tusemezane, na kila muwa ulipokatika watu walishangilia zaidi. Wakaanza kulisema jibu kabla ya Mfasiri, banda zima kwa pamoja. Maneno yamekwisha. Naye, kwa kuwa alikuwa fundi, aliwaachia wamalizie.

Kaka alikuwa humo ndani, benchi la mbele, upande wa kushoto. Alitoka kabla haijaisha. Nilimmiminia chai hakuigusa. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekaa vibaya.

"Anatania tu," alisema. "Si unamjua? Ni utani."

Filamu ile ilirudiwa wiki nzima kwa maombi ya watu. Jibu la muuaji likaingia sokoni. Wauza samaki walilitumia kufunga mjadala wa bei, watoto walilitumia kwenye mchezo, hata mimi mteja mmoja alinijibu hivyo nilipomwambia chapati zimeisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, wanasema. Nimechoka kusikia habari za nia.

Siku iliyofuata baada ya wiki hiyo kwisha, asubuhi, kaka alikuwa anapeleka maksai kwenda kumlimia mjane mmoja ng'ambo ya mto. Njiani ng'ombe mmoja akavuta majani ya mpunga wa watu, fundo moja la mdomo. Vijana kadhaa walikuwa wanapalilia hapo. Baadhi yao aliwahi kuwalimia. Kaka akaacha kamba, akainua mkono, akasema neno lake la siku zote.

Walicheka kwanza. Kaka alituambia kwamba hicho ndicho kilichomtisha, kicheko kile, maana hakikuwa cha chuki. Walicheka kwa furaha, kama watu waliokutana njiani na kitu wanachokipenda. Kisha mmoja akasema maneno yamekwisha, mwingine akarudia, wakamjia na mipini ya majembe. Walimvunja mkono wa kulia mahali pawili. Mfupa uliunga ukiwa umepinda. Plau inataka mikono miwili yenye nguvu ya kuishikilia kwenye mfereji, na kaka hakuishika tena.

Wazee wa pande zote walikutana kwenye ofisi ya mtendaji. Sisi hatukuomba jambo kubwa. Hatukutaka vijana wafungwe. Tulitaka ijulikane mbele ya watu wote kwamba kaka yangu alipigwa kwa sababu ya maneno ambayo mtu alimtungia, ili apite kwenye njia zile bila mtu kumcheka, alee watoto wake hapa hapa. Wazee wa vijana walisema watoto walikuwa wanaigiza filamu tu, mchezo ukazidi, na filamu haikutungwa Ifakara. Mtendaji akaona ni rahisi: aitwe Mfasiri.

Alikuja na shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Taulo hakuja nalo. Mtendaji akamuuliza, kwa adabu, kama maneno yale yamo kwenye filamu au ni yake yeye. Kaka alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono umefungwa mbao, na alikuwa anamtazama Mfasiri kwa matumaini. Nasema kwa matumaini kwa sababu nilikuwepo na niliona.

"Mimi natafsiri tu," alisema Mfasiri. "Yanayosemwa kule ndiyo ninayoyasema hapa."

Hebu nisikilizwe vizuri. Huyu ni mtu aliyejigamba kwenye benchi langu kila siku ya Mungu kwamba filamu bila yeye ni picha za mabubu. Alimfufua maiti akamweka Mlimba anasubiri treni. Aliwapa Wachina mashangazi Lumemo. Ukimwambia filamu ilikuwa tamu alikusahihisha, akasema tamu alikuwa yeye. Na siku moja tu katika maisha yake ambayo tulihitaji aseme kwamba maneno ni yake, sentensi moja, hata kwa kunong'ona, ndiyo siku aliyogundua kwamba yeye ni bomba tu na maji yanapita. Nilitaka kumrushia kiti. Mama alinishika gauni kwa nyuma.

Basi, mambo yakaisha kama yanavyoisha. Mchezo ulizidi. Vijana wakaonywa, kaka akapewa pole. Mvua zilizofuata alihamia Malinyi kwa wakwe zake, anachunga ng'ombe wa wengine, na Ifakara huja akilazimika. Akija hapiti sokoni. Lile neno lake aliliacha kabisa. Siku hizi akikosana na mtu anaondoka tu.

Mfasiri alikuja kwenye meza yangu siku chache baada ya kikao, kama kawaida, akaonyesha kwa vidole chai na tangawizi. Nikamwambia sina. Birika lilikuwa linachemka mbele yetu. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ningefanyaje? Wangelifunga banda." Akaondoka. Ndiyo maelezo yote niliyowahi kupewa, na huwa nayasikia hata nikiwa nakanda unga. Banda. Mabenchi na televisheni ya chogo, upande mmoja wa mizani, na mkono wa mtu upande wa pili. Nilihamishia meza yangu stendi wiki hiyo hiyo.

Banda lenyewe lilikufa bila kufungwa na mtu. Simu zililimaliza. Kila mtu sasa ana filamu zake mfukoni, zimetafsiriwa na watu wa mjini wenye maiki nzuri, na pale palipokuwa na blanketi pana mashine ya kukoboa. Mfasiri akabaki na koo lake. Kisha mtoto wa jicho akamwingia, jicho moja halafu la pili.

Mimi nina mgahawa mdogo sasa, na nina Kiingereza cha kidato cha nne, kinachotosha kusoma maandishi ya chini ya picha. Mwaka jana nilijikaza nikaitafuta pati tuu, nikaitazama kwenye simu, peke yangu, mchana kweupe, mlango wazi. Nilitaka kujua kilichokuwa nyuma ya blanketi.

Muuaji yule hasemi. Filamu nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, hasemi neno hata moja. Amefunga kitambaa, macho yanatazama, ndoano inapanda na kushuka. Hana mpunga, hana mtoto aliyekufa kwa njaa. Wale anaowaua si waliomchoma. Ni watu wa kijiji kingine wanaompokea kama Mfasiri alivyotupokea sisi kwenye mafuriko: wanamkuta ameungua kando ya mto, wanamwosha vidonda, wanampa uji. Anapona, anaanza kuwaua. Waliotengeneza filamu ile walikusudia nikae saa mbili na mtu nisiyeweza kumpenda wala kumwelewa, na nilikaa nao huo ubaya bila mtu wa kunipunguzia, na mwishoni anaosha mikono mtoni na picha inazimika. Inatisha kuliko kitu chochote alichowahi kutuambia Mfasiri. Nilizima simu, nikatoka nje, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Kwa hiyo haki ile yote aliitoa kichwani. Nilikuwa najua, lakini kujua na kuona si kitu kimoja. Haki aliitoa kichwani, na wa kulipia haki hiyo alimtoa benchi la mbele.

Miezi michache iliyopita, mwenye duka la kuingiza muvi kwenye simu alikuja kula kwangu akiwa na furaha. Aliniambia watu wanaiulizia pati tuu ya zamani, ile ya Mfasiri, ile ya maneno yamekwisha. Amekubaliana na mzee. Watairekodi upya, safi, na itaingia kwenye simu zote kuanzia hapa mpaka Malinyi.

Nilimwachia msichana wangu sufuria nikaenda naye. Njiani nilikuwa napanga matusi.

Mfasiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chumba cha nyuma cha duka, taulo shingoni, maiki mkononi. Amekonda. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Nilimwamkia, kwa sababu nimelelewa hivyo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Dada wa chai," alisema papo hapo. "Umefika wakati mzuri. Macho yangu yamegoma kabisa, naona mwanga tu. Huyu bwana ananisimulia kinachotokea lakini hajui kusimulia. Anasema anatembea, anatembea. Kaa hapa uniambie wewe."

Nilikuwa nimekuja kugombana, na nikakaa. Sina maelezo mazuri. Labda nilitaka aione, mara moja, kama ilivyo. Mwenye duka akaiwasha kompyuta, na siku hizi hawazimi sauti ya filamu, wanaipunguza tu ili ya mfasiri iwe juu.

"Sasa?" aliuliza.

"Amelala kando ya mto. Ameungua. Mwanamke anamwona."

"Anamkimbia?"

"Hapana. Anamwinua. Anampeleka nyumbani kwake, anamwosha vidonda. Sasa anampa uji kwa kijiko."

"Na yeye anamwambia nini?"

"Hasemi."

"Hasemi vipi? Si steringi?"

"Hasemi, Mfasiri. Filamu nzima hasemi kitu."

Aligeuza uso upande wangu. "Si ana kitambaa mdomoni? Mimi nilijua anaongea humo ndani."

"Hukuwahi kufungulia sauti?"

"Ingenichanganya," alisema, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba yeye mwenyewe hakuliamini jibu hilo. Alisugua maiki kwa kidole gumba. "Hata kama. Watu lazima wamsikie. Huwezi kuwaachia mtu kimya saa mbili." Kisha, polepole, "Sauti ya kaka yako sitaitumia. Sitampa yeyote."

Miaka yote ile. Hasira ikanipanda upya, maana kumbe alijua, na alijua siku ile ofisini akiwa na shati lake la pasi.

"Nimpe ya nani?" aliuliza. Aliuliza kwa dhati, kama fundi anayeuliza rangi ya uzi.

"Mpe yako."

"Yangu?"

"Yako. Ile unayoagizia chai."

Mwenye duka alimwashiria kwamba mashine inarekodi, akakumbuka hamwoni, akamgusa bega. Mfasiri akasogeza maiki mdomoni.

"Mwanamke amempa mgongo, anachochea moto," nilisema. "Muuaji amesimama. Ameinua ndoano."

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, nikaona shingo inakaza chini ya taulo, na hakikutoka kitu. Filamu haikumsubiri. Mwanamke akapiga yowe, kisha likafuata la mtoto wake, kisha la mume aliyekuwa anakuja mbio kutoka shambani anaita jina la mkewe. Mwenye duka alinyoosha mkono azime, nikaushika. Mfasiri alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye kompyuta, na mkono wenye maiki ulikuwa umeshuka mpaka mapajani.

"Hivi," aliuliza, "siku zote walikuwa wanalia hivi?"

"Siku zote," nikamwambia.